Bakuli la Njano la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu ana mwaka mmoja na miezi minane, meno kumi na moja, na msimamo mkali kuhusu maharage. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, lakini siku alipozaliwa mzee wangu alimtazama akasema, "Haya, nimepata mke," na tangu hapo naishi uke wenza. Sina kinyongo. Ananizidi uzuri, ananizidi sauti, na akilia tu mzee anaacha randa juu ya ubao na kuja mbio, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Binti yangu ni mkataji katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Kabla hajajifungua alikuwa akipanga vitambaa thelathini kimoja juu ya kingine na kuvikata kwa mara moja bila mstari kupinda. Anaipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kuimba. Mtoto alipozaliwa alikaa nyumbani, na mkasi wake mkubwa ukakaa kabatini, umeviringishwa kwenye kitambaa. Sasa msimamizi alikuwa ameleta ujumbe: nafasi yake bado ipo, aanze Jumatatu. Kabla ya hapo, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, aende nusu siku tu, akaizoee mashine mpya.

"Nitakwenda, Mama," aliniambia, "ila mtoto ale kwako. Bakuli lake la njano liishe. Jumamosi nikirudi nikakuta halijaisha, namwambia msimamizi atafute mtu mwingine."

"Mtoto akisikia njaa atakula."

"Huyu humjui wewe."

Kweli, kwa mama yake alikuwa anakula vizuri. Kwa mtu mwingine mdomo wake ulifungwa kama kabati la benki. Sikubishana. Nilimwona binti yangu akifungua kabati, akaushika mkasi juu ya kitambaa bila kuufungua, kisha akafunga mlango taratibu. Nikajisemea, huyu mtoto atakula, hata kama itabidi nisimame kwa kichwa.

Alhamisi nilipika wali, maharage na yai la kuchemsha. Nikafanya kama nilivyofanya kwa watoto wangu wote sita: mtoto kwanza, mzee afuate akitoka kwenye banda lake la useremala uani, na mimi mwisho, nikishaosha vyombo. Changu hubaki kwenye sufuria, nakula nimesimama jikoni.

Mke mwenzangu akakaa mkekani. Akachukua harage moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha kama muuza vito, akalikataa. Akachukua la pili. Hilo nalo lilikuwa na kasoro. Punje za wali alizipachika moja moja kwenye paji la uso. Yai aliligawa: jeupe huku, kiini kule, kisha akaweka kiganja juu ya kiini na kukibonyeza polepole mpaka kikatokea katikati ya vidole. Hapo akacheka sana. Mdomoni hakikuingia kitu.

Nikaenda kuchota maji ya kunawa. Kurudi, bakuli jeupe. Yaani la njano, lakini tupu kabisa. Nilicheza peke yangu pale sebuleni, kijiko kimoja mkono huu, kingine mkono ule, na yeye akanipigia makofi.

Binti yangu aliporudi nilimwonyesha bakuli kama mtu anayeonyesha cheti. Akanikumbatia. Akavua viatu vya kazini, akavaa ndala zake za ndani, akasimama ghafla.

"Mama, kuna nini humu?"

Maharage matatu, na wali wa kutosha.

Kabla sijajibu, mzee akaingia na kisanduku chake cha vifaa. "Nani kaniwekea yai kwenye misumari?"

Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni yangu. Sikuwa na haja ya kuuliza yaliyobaki yako wapi.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta ndala yake. "Zimebaki siku mbili, Mama," akasema.

Mzee naye hakutaka kushindwa. Akasema tatizo ni mkeka, mtoto anahitaji kiti kirefu chenye meza yake mbele. Alikuwa amempima tangu Alhamisi mchana, mtoto akiwa amelala, ili asimsumbue, na Ijumaa saa sita kiti kilikuwa tayari, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Kwa kweli kilipendeza. Tatizo ni kwamba alimpima bila nepi.

"Kimembana," nikasema.

"Hakijambana. Kimemkaa."

Tukamsukuma kidogo, akaingia. Akakaa humo kama hakimu. Siku hiyo nilipika boga, likaiva likalegea. Akachota bonge kwa mkono, akaninyooshea.

"Kula wewe, mama, bibi atakula baadaye," nikamwambia.

Akalipaka shavuni kwangu. Akachota jingine, akaninyooshea tena. Nikamrudishia. Hilo likaishia kwenye nywele zangu. Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa kinyozi, jirani yetu wa mlango wa pili, amekuja kuazima bisibisi maana kiti chake cha wateja kimelegea. Mke mwenzangu akamnyooshea bonge la boga.

Kinyozi yule ni mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Hakusita. Aliinama, akafungua mdomo, akala kutoka kwenye kile kiganja kilichochafuka, akatafuna bila haraka na kusema, "Limeiva vizuri." Mtoto akamtazama hadi alipomeza. Kisha akachota bonge na kulitia kinywani mwake mwenyewe.

Nilimshika kinyozi mkono. "Usiondoke."

"Bibi, nimeacha kichwa cha mtu nusu."

"Mawili tu, baba, nakuomba."

Akala mawili, mtoto akala mawili. Mara mteja mwenyewe akatokea mlangoni, kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa una nywele na mwingine unang'aa. Alikuja na maneno yake, lakini kabla hajayasema alikuwa amekwisha kunyooshewa boga. Akala naye. Waliondoka wote wawili wakijifuta midomo, wakati bakuli limefika nusu. Wao walipotoka, mdomo ukafungwa tena.

"Anampenda kinyozi," mzee akasema. Niliona limemuuma kidogo.

Nikamwinua mtoto nikamnawishe. Kiti nacho kikainuka. Nikamtikisa, kiti kikatikisika. Mzee akashika miguu ya kiti, mimi nikashika makwapa ya mtoto, tukavutana, na yeye katikati anacheka kama yuko kwenye bembea.

"Lete bisibisi tufungue," nikasema.

Mzee akanitazama. "Kinyozi kaenda nayo."

Jioni binti yangu alisikiliza habari yote, machozi ya kicheko yakimtoka. Lakini akauliza, "Jumatatu kinyozi ataweza kuja saa ngapi?"

Jumamosi ndiyo siku ambayo kinyozi hana nafasi hata ya kukohoa. Benchi lake lilijaa watu hadi nje. Tukabaki sisi wenyewe. Kiti kirefu kilikuwa bandani kinapanuliwa, kwa hiyo tulirudi mkekani. Wali, boga, maharage, vyote ndani ya bakuli la njano. Mtoto akaninyooshea wali, nikasema, "Bibi atakula baadaye." Nikaimba, nikapiga makofi, nikajifanya mbuzi. Mdomo kimya.

Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni kwa wasiwasi. Ghafla tumbo langu likanguruma, sauti ndefu kama meza inayoburutwa. Mke mwenzangu akaacha kila kitu. Akatambaa, akaweka sikio juu ya tumbo langu, akasikiliza. Likanguruma tena. Akanitazama kwa uso wa daktari, akarudi kwenye bakuli, akachota wali kwa mikono miwili na kuja kunipachika mdomoni.

Nikala. Nilikuwa na njaa, sikuwaza. Alinitazama koo mpaka nikameza. Ndipo akajitilia na yeye.

Nikakaa nikimwangalia. Nikakumbuka ndala, kisanduku cha misumari na mfuko wa aproni. Nikamkumbuka kinyozi akitafuna boga bila haraka.

"Mzee," nikaita. "Njoo ule."

"Bado nakaza skrubu."

"Acha skrubu. Njoo ukae hapa chini ule."

Nikaenda jikoni, nikachota chakula changu kutoka kwenye sufuria, nikakiweka kwenye sahani. Sahani ya mzee nayo nikaileta. Tukakaa watatu mkekani. Mke mwenzangu akachungulia sahani ya babu yake, akachungulia yangu, akaitikia kwa kichwa kama msimamizi aliyeridhika. Kisha akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Alikula wali, akala boga, akala hata harage moja lililokuwa limepinda, kisha akahamia kwenye sahani ya babu yake. Mzee akapakwa boga upara mzima na hakujifuta, maana safari hii ni yeye aliyenyooshewa.

Binti yangu alitukuta hivyo. Bakuli lilikuwa limevaliwa kichwani na mwenyewe, na humo ndani hamkuwa na kitu. Alikagua ndala zake. Akakagua kisanduku na mfuko wangu wa aproni. Akatutazama.

"Mmefanyaje?"

"Tumekula," nikasema. "Hataki kula peke yake. Anaona wengine hawana, anawagawia."

Akakaa mkekani na viatu vyake vya kazini, jambo ambalo haliruhusiwi kwangu. "Mimi huwa nakula naye," akasema polepole. "Sikuwahi kulifikiria." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe, Mama, tangu niko mdogo nakuona unakula jikoni umesimama. Sisi sita, hakuna aliyewahi kukuletea hata tonge."

"Mlikuwa na njaa," nikamwambia.

Alimega boga kwenye sahani yangu, akaninyooshea, na mke mwenzangu akanitazama koo.

Jumatatu binti yangu alitoka mapema, mkasi mkononi. Saa nne akapiga simu, wakati wa chai. Nyuma yake nilisikia mashine zikivuma na yeye akijaribu kutocheka.

"Mama, nimefungua kikasha cha futi yangu ya kupimia. Kuna kipande cha yai la leo asubuhi."

"Cheupe au kiini?"

"Cheupe."

"Basi amekupa kizuri."

"Mwambie nimekula."

Nilimwambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu kilichopanuliwa, sahani yangu upande huu, ya babu yake upande ule. Akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, na kufungua mdomo.