Verlene Amfagia Shemeji Yake

Roscoe Tatum alikuja Alabama kumzika kaka yake, na baada ya mazishi hakuondoka. Mwanzoni Verlene, mjane wa marehemu, alidhani shemeji anapumzisha machungu. Pamba ikachanua, ikavunwa, naye Roscoe bado yumo, anavaa suruali za marehemu na kuuliza mkate wa mahindi umepoa kwa nini.

Siku aliyochinja kuku wa mayai ili awalishe wenzake wa karata, Verlene alimwambia, "Shemeji, nadhani umefika wakati urudi kwako."

"Kwangu wapi tena? Hii ni nyumba ya kaka yangu. Wewe ndiye mgeni humu."

Kila ubao wa nyumba ile aliushika Verlene mwenyewe, mumewe akigongelea misumari. Alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Cleotha, aliyekuwa akiuza mizizi na dawa za unga ng'ambo ya kanisa.

"Unataka unga wa panya, wa kunguni au wa mtu?" Bibi Cleotha aliuliza kabla hata hajamkaribisha.

"Wa mtu."

"Afadhali. Kunguni ndio wagumu."

Akampimia unga wa pilipili, chumvi, kiberiti na udongo wa makaburini. Akamwambia aumwage mlangoni anapopita huyo mtu. Miguu itamwaka, hatakaa tena mahali pale.

Jumamosi asubuhi Verlene aliumwaga. Roscoe akatoka pekupeku, akaona wekundu chini, akaangua kicheko.

"Jamani, njooni muone!" aliwaita wenzake wawili waliokwisha kaa barazani na karata zao. "Shemeji kanitegea kama panya!" Akaukanyaga, akasugua nyayo kushoto na kulia kama anayecheza dansi, kisha akakaa. "Tuletee kahawa, mama mchawi."

Wenzake walicheka. Verlene akasimama pale, uso umemwaka, mikono haijui iende wapi. Angeweza kuingia jikoni, na kahawa ilikuwa tayari imechemka. Akaingia kweli, lakini alipotoka alikuwa na sanduku la Roscoe mkono mmoja na ufagio mkono mwingine. Sanduku alilirusha hadi barabarani. Likafunguka, mashati na viatu vikatawanyika.

"Umerukwa na akili?" Roscoe alinyanyuka.

"Sijawahi kuwa nazo timamu kama leo."

Akaupitisha ufagio juu ya miguu ya Roscoe, fyaa! Wale wacheza karata waliruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Mtu mweusi gani wa kule asiyejua kwamba aliyefagiwa miguu ataishia jela? Wakadaka kofia zao, wakapitia uani bila kuaga.

"Thubutu tena, Verlene!"

Akathubutu. Akamfagia kisigino, akamfagia kidole, akamshusha ngazi moja baada ya nyingine, huku Roscoe akirukaruka na kutukana.

"Nitamwambia kila mtu ulivyomtendea ndugu ya mumeo!"

"Waambie! Anza na hao hapo!"

Kwani majirani walikuwa wametoka. Nyua zao zilikuwa za udongo mtupu, na kila Jumamosi wanawake walizifagia. Kila mmoja alikuwa na ufagio wake. Roscoe alipookota vitu vyake na kupita mbele ya nyumba ya Idella Crum, mama huyo alishuka akafagia alipokanyaga. "Safari njema, Bwana Tatum!" Wa nyumba ya pili akamwiga. Wa tatu alianzisha wimbo wa kanisani. Kila Roscoe aliposimama kubishana, ufagio ulimjia miguuni, ikabidi asogee. Walimsindikiza hivyo mpaka kituo cha reli. Treni ya kwenda mji wa Mobile ilipofika aliipanda, viatu kavishika mkononi.

Watu walibishana muda mrefu ni nini hasa kilichomwondoa. Wengine walisema ni unga, uliingia nyayoni ukachelewa kufanya kazi. Bibi Cleotha aliwaunga mkono hao, na biashara yake ikapamba moto. Jumapili mchungaji alimsimamisha Verlene mlangoni mwa kanisa, sauti ameipunguza.

"Dada Verlene, nasikia umetumia mambo ya giza kumwondoa yule bwana."

"Hapana, Mchungaji," alijibu, wala hakupunguza yake. "Nimemfukuza mimi, jua likiwaka."

Akampita, akaenda kukaa benchi la mbele.