Fumbueni Macho

Walikuwa wanalia tena.

Nyaruai aliwaona vizuri kutoka jukwaani, maana ukumbi ule wa Kitale ulikuwa na madirisha makubwa na jua la alasiri halikumficha mtu. Alikuwa katikati ya kichekesho chake cha mnunuzi wa mahindi: yule jamaa anayefika na lori, anachomoa punje moja guniani, anaing'ata, anakunja uso kama aliyebugia kwinini, halafu anairudisha kwa ncha za vidole, eti mahindi hayajakauka, apunguziwe bei. Trans-Nzoia nzima hakuna boma lisilomjua mtu huyo. Hata kuku angecheka. Lakini mwanamke mmoja wa safu ya pili alikuwa anajipangusa macho kwa kitambaa, jirani yake anatikisa kichwa kwa huruma, na pale mbele kabisa mama yake mzazi alikuwa anabubujikwa na machozi kana kwamba amekuja matangani.

Jamani, nani analilia mnunuzi wa mahindi?

Alimaliza, akainama, watu wakampungia mikono taratibu kama wanaoaga mgonjwa. Nyaruai alishuka jukwaani mori umempanda mpaka masikioni, hayo masikio yenyewe yaliyokuwa chanzo cha balaa lote.

Kosa lilikuwa la Wakhungu. Wakhungu ndiye mshereheshaji wa kila tamasha la vipaji kati ya Kitale na Bungoma, mtu mwenye sauti nene, moyo mweupe na mdomo usiojua kufungwa. Kila Nyaruai alipokaribia kupanda jukwaani, Wakhungu alimtangulia na hadithi: jinsi homa ya uti wa mgongo ilivyomwacha kiziwi akiwa mtoto mdogo, jinsi baba yake alivyowahama, jinsi mama mtu alivyohangaika na duka lake la nafaka sokoni. Hadithi ilikuwa ya kweli, ila aliitia chumvi hapa na pilipili pale, na kufikia mwisho hakuna aliyebaki na hamu ya kucheka. Nani angethubutu? Angeonekana hana utu.

Hata Gagandeep alisema hivyo hivyo. Gagandeep alikuwa kijana wa pale pale Kitale, wazee wake wana duka la vyuma karibu na soko, na yeye aliwaachia misumari yao akaanzisha kikundi cha vichekesho kinachozunguka mijini na mashuleni. Alikuwa anatafuta mwigizaji mmoja zaidi. Alimfuata Nyaruai nje ya ukumbi, na Ciru, mdogo wake Nyaruai aliyekuwa mkalimani wake kila mahali, akasimama katikati yao kutafsiri.

"Wewe ni mkali, Nyaruai, ukweli wa Mungu," alisema Gagandeep. "Mimi nimecheka. Lakini nilikuwa nacheka peke yangu, watu wananiangalia ati mimi ni mtu mbaya. Sasa nitazunguka na wewe aje kama watu wanalia? Mimi nauza kicheko, bana."

"Mwambie si mimi ninayewaliza," Nyaruai aliashiria, mikono ikikata hewa.

"Najua. Lakini wanalia." Gagandeep alijikuna ndevu. "Mwezi ujao nitakuja kwenye tamasha la Kanduyi, kule Bungoma. Watu wakicheka huko, uko ndani ya kikundi. Wakilia tena, basi, tuachane tu vizuri."

Nyaruai alitaka kulia, akajizuia kwa hasira. Machozi ya siku hiyo yalikuwa yametosha.

Na uchungu wake ni kwamba kuigiza ndiko kulikomtoa shimoni. Baada ya ile homa, mama yake alifunga duka na kumpeleka kwenye mikutano ya injili. Kila mhubiri aliyesimamisha hema kati ya Kitale na Webuye alimjua mtoto yule. Alipakwa mafuta masikioni, akatiwa vidole masikioni, akasukumwa paji la uso mpaka akaanguka chali, akainuka akiwa kiziwi vilevile, na sasa ana tope mgongoni. Shule je? "Akipona ataenda," mama alisema kila Januari, na Januari zilizidi kuja. Siku Nyaruai alipoingia darasa la kwanza katika shule ya viziwi, magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Huko ndiko alikopata lugha, akapata marafiki, akagundua kwamba hakuwa mjinga bali alicheleweshwa tu.

Mama yake hakujifunza lugha hiyo hata siku moja. "Nikijifunza hiyo ya mikono," alimwambia Ciru, "itakuwa ni kama nimemwambia Mungu asijisumbue tena." Kwa hiyo mama na mtoto waliishi nyumba moja kwa karibu miaka ishirini wakizungumza kupitia kwa Ciru, na Ciru asipokuwepo, kwa kunyoosheana vidole: kula, njoo, funga mlango. Nyaruai alimpenda mama yake, na mama huyo huyo alimchosha kupita kiasi. Yaani, mtu anakupenda mpaka anakataa kuongea na wewe!

Lakini ile mikutano haikupita bure. Mtoto asiyesikia akikalishwa hemani mchana kutwa atafanya nini? Aliangalia. Alijua jinsi mishipa ya shingo ya mhubiri inavyotutumka, jinsi anavyokimbia mpaka ukingoni mwa jukwaa na kusimama ghafla, jinsi wale wasaidizi wanavyojipanga nyuma kumdaka mtu kabla hata hajaamua kuanguka. Shuleni alipomwigiza mhubiri, wenzake waligaagaa sakafuni wakishika mbavu. Mbele ya watu wanaosikia hakuthubutu kamwe, kwa sababu ya mama.

Siku ya Kanduyi ilipofika, Nyaruai alimvuta Wakhungu nyuma ya jukwaa.

"Mwambie jina tu," alimwashiria Ciru. "Nyaruai kutoka Kitale. Asiongeze ugonjwa, asiongeze baba, asiongeze kitu."

Wakhungu aliweka mkono kifuani. "Hakuna shida, dada. Jina tu. Mimi siwezi ongeza kitu." Kisha akamgeukia Ciru na uso wa wasiwasi wa kweli. "Rakini sasa, watu watajuaje kumuonea huluma?"

Ciru alimwangalia bila kupepesa.

"Amesema nini?" Nyaruai aliuliza.

"Amekubali," aliashiria Ciru, ambaye naye alikuwa amechoka.

Uwanja ulikuwa umefurika. Safu za mbele walikaa wanafunzi viziwi kutoka upande wa Bumula, wamevaa sweta za kijani, na mwalimu wao amesimama pembeni kuwatafsiria. Mama alikaa ubavuni mwao, kitambaa tayari mkononi. Gagandeep alisimama kando ya hema, mikono kifuani.

"Sasa tunamkaribisha Nyaruai, kutoka Kitale!" alinguruma Wakhungu.

Nyaruai alipanda. Wakhungu alipaswa kushuka. Hakushuka. Alibaki pale, maikrofoni mkononi, na kila mwenye macho aliona maneno yanampanda kooni kama maziwa yanayotaka kufurika sufuria. Alijitahidi, maskini. Akashindwa.

"Ndugu zangu, huyu dada hasikii! Hata sasa vile naongea, hasikii! Si tumuombee kwanza? Simameni nyote. Nyosha mkono huku. Tufumbe macho, na tusifumbue mpaka niseme amina!"

Ciru, kwenye pembe ya jukwaa, alitafsiri kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba. "Wanakuombea. Amewaambia wafumbe macho."

Na uwanja mzima ukafumba macho.

Mwimbaji ukimfumbia macho bado anaimba. Nyaruai ukimfumbia macho hayupo. Aliwatazama: bahari ya mikono iliyonyooshwa kwake na hakuna hata jicho moja. Mama yake alikuwa amefumba kwa nguvu zote, midomo inakwenda mbio. Hata Gagandeep alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Watu hawa wote walikuwa wamekuja kumtazama, wakakubaliana kwa upendo wasimtazame! Alitaka kupiga mayowe. Alitaka kushuka, arudi Kitale, akafungashe mahindi mpaka uzeeni.

Ndipo alipoziona sweta za kijani.

Watoto wale walikuwa macho kodo. Hawakusikia amri, na mwalimu wao, mtu mcha Mungu, alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu na kufumba kama wenzake, kwa hiyo hakuna aliyewatafsiria. Walikuwa wanageuza vichwa huku na huku, wakiwashangaa watu wazima. Msichana mmoja mwembamba alimtazama Nyaruai, akauliza kwa mikono, "Wamelala?"

Nyaruai akamjibu, "Ndiyo. Usiwaamshe."

Akamnyatia Wakhungu, akasimama nyuma yake, akawa Wakhungu. Akatoa kitambi ambacho hakuwa nacho. Akainuka kwa ncha za viatu, akatikisa mkono, akatutumua mishipa ya shingo, akakimbia mpaka ukingoni na kusimama ghafla, akajifuta jasho la uongo na kulikamua. Safu za kijani zikalipuka. Na mtoto kiziwi hajafundishwa kupunguza kicheko, hukitoa chote kama alivyopewa. Nyuma yao mzee mmoja alifumbua jicho la kushoto. Akafumbua la kulia. Akamgusa mwenzake kiwiko.

Wakhungu, macho yamefumbwa, alisikia vishindo akajua maombi yameanza kufanya kazi. Akaongeza sauti. "Naona kitu! Naona kitu kinafanyika hapa!"

Ciru alimtafsiria dada yake, mabega yakimtikisika, na Nyaruai akaona isiwe taabu: kama wanataka apone, atapona. Akatia kidole sikioni, akavuta kizibo, akavuta, akavuta, kikatoka. Akatabasamu. Akasikia ndege, akamfuata kwa macho. Akasikia upepo, akayumba nao. Kisha akamsikia Wakhungu. Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaziba masikio, akatafuta kelele inatoka wapi, akamwona, akapiga magoti na kumsihi Mungu arudishe kizibo. Halafu akafikiri kidogo. Akauchukua ule muujiza kwa vidole viwili, akaung'ata, akakunja uso, akaurudisha guniani. Haujakauka.

Uwanja ulivunjika mbavu. Nyaruai hakusikia, lakini aliona vichwa vilivyotupwa nyuma na meno yote yako nje, aliona mwanamke anampiga mumewe kwa pochi kwa kushindwa kujizuia, na mbao za jukwaa zilimtetemekea chini ya magoti. Gagandeep alikuwa ameshika mlingoti wa hema asianguke, na safari hii hakuwa anacheka peke yake. Yule msichana wa sweta ya kijani alikuwa amepanda juu ya kiti na anang'ata punje yake mwenyewe, anakunja uso, anairudisha, huku wenzake wakimsukuma ili nao wapate zamu.

Wakhungu akafumbua macho. Akaona watu wanagaagaa. Akageuka, akamwona Nyaruai amepiga magoti, mikono juu. "Amepona!" alipaza sauti. Akamzunguka kwa nyuma, akaita kwa maikrofoni kwenye kisogo chake, "Nyaruai!"

Nyaruai alikuwa ameshashusha mikono, anafunga kamba ya kiatu. Akaendelea kufunga.

Watu walilia, lakini kwa kucheka. Wakhungu aliutazama umati, akamtazama Nyaruai na kamba yake, na polepole akaelewa. Kicheko kikaanza kumtekenya tumboni, kikapanda, naye akaishusha maikrofoni na kuiweka sakafuni. Hilo nalo lilikuwa muujiza wa aina yake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama bado alikuwa amefumba macho. Hajaambiwa amina, na yeye hakuwa mtu wa kuacha ombi katikati. Kicheko chote kile kilikuwa kinampita huku na huku, naye amesimama, mkono umenyooshwa, midomo inakwenda. Nyaruai alimwona na moyo ukamlipuka. Mhubiri aliyemficha miaka yote kwa ajili ya mama, leo amemtoa hadharani.

Msichana mwembamba alishuka kitini, akamvuta mama sketi. Mama akafumbua macho. Akamwona binti yake juu ya magoti. Akawaona watu walioshika matumbo. Akageuka huku, akageuka kule, uso wa mtu aliyechelewa karamuni akakuta vyungu vimekwisha. Nyaruai alisubiri machozi. Aliyajua yanavyoanza, kwenye kidevu.

Hayakuja. Watoto wote wa kijani walikuwa wanamwashiria Nyaruai jambo moja, tena na tena, na mama akaitazama mikono ya yule msichana kwa makini, jinsi anavyokagua mizani ya mnunuzi. Akauinua mkono wake. Akauinua wa pili. Mmoja ulikwenda sawa, mwingine ukapotea njia, akaurudisha kwa nguvu mahali pake.

"Rudia," alimwambia binti yake.

Nyaruai alimtazama mpaka macho yakamwuma. Miaka yote hiyo, na neno la kwanza mama anamwambia kwa mikono yake mwenyewe ni kumwongezea kazi! Na hata hilo kalikosea nusu. Alijipangusa uso kwa mkono wa blauzi, akamgeukia Ciru.

"Mwambie nitarudia. Lakini mwambie asifumbe macho."

Ciru alifungua kinywa kutafsiri, kisha akakifunga. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kitambaa amekiangusha chini, ameyatumbua macho yote mawili.

Nyaruai akasimama nyuma ya Wakhungu, akatoa kitambi.