Nikeli Mahali pa Shaba

Watu wa maabara ile ya Hobart walizoea kuwaona Despina Halkitis na Imogen Lade pamoja kama chanda na pete. Mmoja akiingia peke yake, aliulizwa mwenzake yuko wapi. Imogen ndiye aliyemshika Fotini, binti wa Despina, siku ya ubatizo wake, na tangu hapo, kwa desturi ya Wagiriki, wakaitana kumbara. Mama yake Despina alisema udugu wa namna hiyo unashinda wa tumbo moja.

Kazi yao ilikuwa protini moja ya chaza. Kila kiangazi ugonjwa uliingia kwenye ghuba za Tasmania na kuwafuta chaza vizimba kwa vizimba, wafugaji wakabaki kuzoa makombe yanayonuka. Lakini wako chaza wachache waliopona, na katika damu yao Despina aliikuta protini iliyojikunja na kuacha mfuko mdogo katikati. Chembe ya madini ikiingia mfukoni humo, protini nzima inajibana, na upande wake wa pili unafunguka kuipokea protini nyingine, ile inayovishambulia virusi. Pasipo madini, hizo mbili hupishana kama watu wasiojuana.

Swali lilikuwa moja: ni madini gani?

Despina alikuta nikeli. Akaikuta tena na tena. Kilichomsumbua ni kwamba ili kuitenga protini na uchafu, walikuwa wakiipitisha kwenye mrija wenye punje za nikeli. Protini inaing'ang'ania nikeli, uchafu unaoshwa. Je, kama ile nikeli ya mfukoni imetoka kwenye mrija tu?

Wakati huo Fotini alikuwa kitandani na tetekuwanga.

"Nenda kauguze mtoto," Imogen alimwambia. "Jaribio la bila nikeli nitalifanya mimi."

Baada ya wiki chache akampigia simu. "Ni ileile, kumbara. Nikeli ni ya chaza mwenyewe. Lala usingizi."

Despina akalala usingizi.

Mkutano wa wafugaji na wanasayansi ulifanyika ukumbini karibu na bandari. Despina alipanda jukwaani akaeleza yote: mfuko, nikeli, jinsi protini mbili zinavyoshikana. Alitaka wafugaji wachague mbegu za chaza wenye uwezo wa kuhifadhi nikeli.

"Dokta," alidakia Athol Pybus, mfugaji mwenye ndevu nyekundu, "chaza wangu wakifa tena mwaka huu, nahamia kwenye kuku. Angalau kuku akifa unamla!"

Ukumbi ukacheka. Despina naye akacheka. Ndipo akasimama Lachlan Voss, mtafiti kutoka Adelaide, mtu mpole asiye na makuu.

"Samahani, Despina, hapo umeniacha. Sisi tulikuta shaba. Nikeli inaufunga ule mfuko nusu tu, ile protini ya pili inateleza. Imogen alituletea protini iliyotengwa bila nikeli tangu majira ya baridi. Makala yetu inatoka mwezi ujao." Akageuka kumtazama Imogen, aliyekaa mstari wa tatu. "Nilidhani mnafanya pamoja?"

Imogen alikuwa anatazama viatu vyake.

Despina alishuka jukwaani. Akatoka mlango wa nyuma, akaketi kwenye ngazi walipokuwa shakwe wakigombea maganda ya pai. Haukupita muda Imogen akamfuata.

"Kumbara..."

"Usiniite hivyo. Ulijua tangu lini?"

"Tangu jaribio la kwanza."

"Ukaniambia nilale usingizi."

Imogen akabaki amesimama. "Mkataba wangu ulikuwa unaisha. Adelaide walinipa nafasi, wakataka nije na kitu. Hapa kila makala jina lako linatangulia, Despina. Nilikuomba mara mbili, mara mbili ukaniambia 'baadaye'."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimchoma Despina pale pale penye jeraha.

"Basi ungeichukua shaba yako ukaenda zako! Ungeniambia tu, 'Despina, ni shaba, na nimeichukua mimi.' Ningekutukana, ningelia, yangeisha. Lakini umekaa mstari wa tatu unaniangalia nikiwadanganya watu wanaozika chaza wao. Hukunionea hata huruma?"

"Nilidhani mkutano utapita tu. Sikujua Lachlan atauliza."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu angesema. Despina alijifuta macho kwa kiganja, akarudi ukumbini, akamwomba msemaji aliyekuwa jukwaani ampishe kidogo.

"Nilichowaambia hivi punde si kweli," alisema. "Msichague mbegu kwa nikeli. Nikeli ilitoka kwenye vyombo vyetu. Nilipaswa kuhakikisha kwa mikono yangu, sikufanya."

"Sasa dawa ipo au haipo?" Athol aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Madini yenyewe ni shaba. Waliogundua ni wenzetu wa Adelaide. Waulizeni wao."

Imogen alihama kabla ya baridi kuingia. Makala ilitoka, jina lake likiwa la kwanza. La Despina lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani. Siku hiyo Despina aliitenga protini upya kwa njia ndefu ya chumvi, bila mrija wa nikeli, akatia shaba kidogo. Kwenye skrini mstari ukapanda, ukatulia juu: zile mbili zilikuwa zimeshikana barabara. Miaka yote alikuwa ameingoja picha hiyo. Akaitazama, akazima mashine, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi iliyotangulia Pasaka, mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Imogen, mkononi ameshika mshumaa mweupe uliofungwa utepe, zawadi ambayo kila mama wa ubatizo humpelekea mwanawe.

Fotini alimrukia shingoni. Bibi yake akachungulia kutoka jikoni, akamtazama Despina, akarudi kwenye mayai yake mekundu ya Pasaka.

"Naweza kuingia?" Imogen aliuliza.

Despina alishikilia mlango. Alimwona mwanawe anavyocheka, na akajua kwamba hatamnyima mtoto mama yake wa ubatizo. Kwake yeye, hata hivyo, mahali palipokuwa pa Imogen palikuwa baridi kama jiwe.

"Kaeni hapo barazani," alisema. "Fotini atakuonyesha paka wake. Mimi nina kazi."

Akaingia ndani, akaacha mlango wazi ili mtoto asije akadhani amefukuzwa.