Uji wa Farasi-bahari

Ijumaa ile Zubeiri, fundi cherehani wa Chumbageni, alitoka msikitini akiwa amewasamehe viumbe wote waliopata kumkosea. Aliharakisha mno kusamehe. Alipofungua mlango wa nyumba yake alikuta maji ya tangi yamekuwa meupe kama tui, na juu yake zinaelea chembe za pilipili manga.

Tangi lile alilijenga mwenyewe kwa vioo vya kabati la biskuti alilouziwa na Karmali mwenye duka, akaziba pembe zake kwa lami. Humo alifuga farasi-bahari wawili, samaki wadogo wenye vichwa kama vya farasi, dume na jike. Mara mbili walizaa, na mara mbili watoto walikufa kwa njaa kabla ya siku ya tatu. Safari hii Zubeiri alishona mfuko wa kitambaa cha shela, akawa anaukokota baharini kila alfajiri kuwavulia vidudu vya kula. Leo ilikuwa siku ya tisa, na watoto zaidi ya mia, kila mmoja kama punje ya mchele, walikuwa hai asubuhi.

Asubuhi hiyohiyo shangazi yake, Bi Mboni, aliwasili kutoka Pangani. Zubeiri alimwonyesha farasi-bahari mwenye tumbo lililolegea, akamwambia, "Huyu ndiye aliyejifungua, shangazi. Tafadhali usimguse."

"Sikumgusa," alisema Bi Mboni sasa, bakuli tupu mkononi. "Nimemmiminia tu. Kiumbe yumo ndani ya arubaini yake, nawe unamwacha na maji ya chumvi! Hata uji wa pilipili manga hukumpikia. Huna haya?"

Matusi saba yalijipanga mdomoni mwa Zubeiri kama abiria wa kivuko. Lakini shangazi ni dada wa baba, hatukanwi.

"Shikamoo, shangazi," alisema, kwa sauti ya hakimu anayetoa hukumu ya kifo.

"Marahaba. Si tulishaamkiana?"

Zubeiri alijaza beseni maji safi ya bahari aliyoweka uani, akaanza kuwachota waliobaki kwa kikombe. Alimpata jike, na watoto kumi na mmoja. Yule mwenye tumbo alikuwa amelala chini ndani ya tangi, hapumui.

"Maskini, mama yao," alisema Bi Mboni.

"Baba yao!"

"Baba gani?"

"Uliyemlisha uji ni dume! Jike humtia mayai mfukoni, dume ndiye anayebeba mimba na kuzaa."

Bi Mboni aliweka bakuli chini taratibu. "Yaani mimi, niliyekanda wazazi wa Pangani nzima, nimesimama jikoni kumpikia mwanamume uji wa uzazi?"

"Ndiyo."

"Nawe ukaniacha?"

"Nilikuwa nasali!"

"Ungesema kabla ya kwenda kusali, fedhuli wee! Utanifedhehesha mpaka Muheza!"

Alikunja kanga, akavuta kigoda, akaketi kando ya beseni.

"Shangazi, basi la Pangani linaondoka saa tisa."

"Liondoke. Baba yao kafa, mama yao hajui kulea, nawe ndiye wewe. Sitoki hapa mpaka watimize arubaini."

Zubeiri aliingia chumbani, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga bila kitambaa mpaka uzi ukajisokota, ukakatika.