Sauti Iliyoachwa Getini

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye geti la uwanja wa mbio za magari, nimeshika usukani wa gari la marehemu mume wangu, nimevaa dera na kofia ngumu. Sikushangaa. Kilichonikera ni foleni.

Nilieleze kwanza hilo gari. Jekundu, fupi, limelala chini kama linatafuta kitu kilichoanguka. Mwinshehe alilipenda, na lilikuwa na kelele za kuamsha mtaa. Kila mwaka klabu yao ya magari ikitenga siku ya watu kuja kukimbiza magari yao uwanjani, naye anakwenda, anapimwa sauti getini, anarudishwa. Wanaokaa jirani na uwanja walishalalamika, kikawekwa kiwango, ukizidi huingii. Mafundi wakamwambia afunge sailensa kubwa. Yeye anawajibu, "Nikilinyamazisha nitajuaje kama lipo hai?"

Akafa mwezi wa Shaabani, hajauzunguka uwanja ule hata mara moja. Roho iliniuma na bado inaniuma. Ndiyo maana wiki hii nilipeleka gari kwa fundi Chogo, nikamwambia funga hiyo sailensa, nami nitazunguka kwa niaba yake. Mara moja tu, basi.

Na jambo jingine. Humo ndani ya gari tulikuwa hatusikilizani kabisa. Yeye anaongea, mimi naona midomo, naitikia "Eeh." Safari nzima ya Dodoma kwenda na kurudi nimesema "Eeh."

Sasa niko getini. Kipima sauti, chombo chenyewe, amesimama kwa miguu yake mitatu, shingo ndefu, kichwani sponji nyeusi. Alionekana mtu mzima, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Washa."

Nawasha. Kipima sauti anakunja uso.

"Umezidi, mama."

"Hee! Na hii sailensa mpya je?"

Sailensa akajibu kutoka chini ya gari, kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye pilau la watu. "Mimi nimeshiba. Nimemeza mpaka hapa. Iliyobaki sina pa kuiweka."

"Kanuni inasema sauti iliyozidi haiingii," akasema kipima sauti. "Haijasema gari lisiingie. Iliyozidi kaiache kwa mlinzi, kama watu wanavyoacha vitambulisho."

Nikafungua boneti nikaitoa hiyo sauti. Ilikuwa ya moto, nzito kama blanketi lililoloa, na mlinzi akanisaidia kuikunja. Akaisindilia kwenye kiroba, akafunga kwa kamba ya katani, akanipa kibao cha plastiki kimeandikwa MGENI nikivae shingoni. Kiroba kikaanza kunguruma. Akakikalia.

"Bado," akasema kipima sauti.

"Bado nini tena, jamani?"

"Kuna sauti ya jioni humo."

Nilijua anayoisema. Mwinshehe akirudi kazini, mimi namsikia tangu kona ya mashine ya kusaga. Nikisikia tu nabandika chai, akiegesha gari na chai imechemka. Miaka yote sikuwahi kuangalia saa.

"Hiyo siachi," nikasema.

"Basi geuza gari."

Nyuma yangu mama mkwe, amepanda cherehani, ameshika foleni na kofia yake ngumu. "Mwanangu," akaniita kwa upole, "tunachelewa."

Nikalia pale pale, wala sikuona aibu. Kisha nikaitoa. Ilikuwa ndogo, inatosha kwenye kiganja.

"Hii usiikalie," nikamwambia mlinzi.

"Hii nitaishika," akasema, na kweli akaishika kwa mikono miwili.

Naingia. Gari linakwenda bila hata mlio wa tairi. Kona ya kwanza ni ya lami. Kona ya pili ni sebuleni kwangu, nikapita katikati ya makochi na kugusa pazia kidogo. Kona ya tatu ni hitima ya Mwinshehe. Watu wamekaa mkekani, wakasogeza sinia nipite. Bibi mmoja akaniambia, "Pita tu, hujatusumbua."

Hapo ndipo nikasikia mtu anaongea pembeni yangu.

"...kwa hiyo ndiyo nakwambia, Mama Asumini, kipo hapo hapo."

Nageuka. Mwinshehe amekaa kwenye kiti changu cha siku zote, kavaa shati lake la mistari, anaendelea na mazungumzo kama mtu ambaye hakuwahi kuyakatiza.

"Kipo wapi? Nini?"

"Kipuli chako. Kile ulichopoteza kwenye harusi ya Asumini. Kimeingia chini ya kiti hiki, kwenye reli, upande wa mlango. Nilikuambia tangu Gairo. Ukasema eeh."

"Sikukusikia, baba."

"Kumbe! Mimi nikajua umeshakisusa."

"Na nini kingine ulisema?"

"Mengi. Nilisema mchaichai umezidi pale uani, upunguzwe. Tulipofika Dumila nikakuuliza kama umenikasirikia. Ukasema eeh."

"Mimi?"

"Tena ukatikisa kichwa."

"Sikuwa nimekasirika! Wallahi sikuwa nimekasirika hata kidogo. Ni hili dude lako, lilikuwa linanguruma!"

"Basi vizuri," akasema, akashusha pumzi. "Nilikuwa nalifikiria sana hilo."

Nilijuta. Safari zote zile na mtu wangu yuko karibu hivi, ananisimulia, ananiuliza, na mimi namjibu kama anayefukuza nzi.

"Na siku ile unanipeleka hospitali," akasema, "njia nzima nilikuwa nakwambia jambo moja."

Siku hiyo naikumbuka. Macho yangu yalikuwa barabarani, nikaona tu midomo yake inacheza. Nilisema eeh.

"Lile ndilo hasa," akasema. "Sikiliza sasa. Nilikuwa nakwambia kwamba..."

Geti likatufikia. Sisi hatukulifuata, lilikuja lenyewe, na mlinzi yuko mbele yake na kiroba begani.

"Rudisha kibao, chukua sauti yako."

"Kaeni nayo! Sitaki!"

"Hatuhifadhi vitu vya watu, mama. Kila anayetoka anatoka na chake."

"Basi nizunguke tena. Raundi moja!"

Kipima sauti akanitazama kwa huruma, hilo siwezi kulikataa. "Ulisema mara moja tu, basi. Tuliandaa mara moja."

Mlinzi akaniwekea ile ndogo kiganjani. Halafu akafungua kamba. Sauti ikatoka kwenye kiroba ikalijaza gari, kiti, kofia na meno yangu. Mwinshehe anaongea. Naona midomo. Anaeleza kwa mikono, ananigusa bega kwa kidole, anajigusa kifua, anacheka kidogo, halafu anarudi kwenye uzito wake. Amemaliza. Ananiangalia, anangoja jibu.

Na mimi, kwa mazoea yangu, nikasema, "Eeh."

Nikaamka uso umeloa. Kumeshapambazuka. Nikajifunga kanga, nikatoka uani, nikavuta turubai. Nikafungua mlango wa abiria, nikaingiza mkono chini ya kiti, kwenye reli, upande wa mlango. Vumbi. Karatasi ya pipi. Kisha kipuli changu, baridi, ndoano yake imepinda kidogo.

Leo ndiyo siku ya uwanja. Nitakwenda, nitapimwa, nitazunguka. Lakini kwanza niliwasha gari, nikazunguka upande wa pili, nikakaa kwenye kiti changu. Sailensa ya Chogo inafanya kazi vizuri. Nilimsikia hata jirani anafagia. Nikavaa kipuli.

"Haya, Baba Asumini," nikasema. "Lile la njiani, siku ya hospitali. Anza upya."

Nikangoja. Jirani alimaliza kufagia, akamwaga maji, akaingia ndani.