Husseini Hashuki Garini

Jumatano asubuhi Husseini alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, nje kidogo ya Kibiti, akiwa amepakia masufuria ya shughuli na majamvi ya kukodi kwenye kirikuu chake. Binti yake Warda alikuwa anaolewa Ijumaa, nyumbani Umwe, na vyombo vya harusi havibebeki kwenye pikipiki. Koplo Abdulhalim aliingiza namba za gari kwenye simu, akasubiri mtandao, kisha akamgeuzia kioo.

"Bima imekwisha, mzee."

"Haijesha, afande. Miye nakata bima ufuta ukiuzwa. Na mwaka huu ufuta haujauzwa bado."

Hakuwa anatania. Kwao mambo mengi husubiri mnada wa ufuta: ada ya shule, bati la nyumba, tohara ya watoto. Mwaka ule mvua zilichelewa kukatika, ufuta ukachelewa kukauka, mnada ukasogezwa mbele, na mwaka wa Husseini ukarefuka bila bima kupewa habari. Koplo, ambaye mama yake ni mkulima wa ufuta, alimwelewa vizuri sana. Akamwandikia kosa.

"Haya, shuka."

Husseini alifungua mlango, akateremsha mguu, akajikuta amekaa kwenye kiti. Ndala moja ilibaki chini. Akajaribu tena, ikabaki na ya pili. Koplo aliziokota zote mbili, akampa kupitia dirishani, akazunguka na kuingia upande wa abiria.

"Basi endesha mpaka kituoni."

"Bila bima?"

"Si niko na wewe?"

Kituoni walimpokea kwa heshima. Mkuu wa kituo alimweleza kwamba kosa la bima linakwenda mahakamani na gari linabaki uani kama kielelezo. Kielelezo hakitoki bila amri ya hakimu. Hakimu hatoi amri mpaka mshitakiwa apande kizimbani, na mshitakiwa yumo ndani ya kielelezo. Husseini aliomba waandike tu kwamba ameshuka.

"Nitakuwa nimesema uongo, mzee," mkuu wa kituo akasema, na ilionekana jambo hilo lingemuuma kweli.

Zamda, wakala wa bima mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alikuja na simu yake kukata bima mpya. Alimwamkia, akapiga picha gari pande zote. Mtandao ukakataa. Gari lenye mtu kwenye usukani, ulisema, ni gari linaloendeshwa, na gari linaloendeshwa bila bima halikatiwi bima mpaka kesi yake iishe. Zamda alisikitika, maana alikuwa msichana mwenye huruma, akaenda kufungua kibanda.

Uani kulikuwa na magari mengine, nyasi zimeyafika kwenye vioo. Ndani ya fuso moja la bluu alikaa Bwanaheri, dereva wa mkaa, ambaye naye bima yake iliisha akiwa njiani. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota kabla ya mafuriko, na sasa alizifunga fundo ili zisiingie kwenye gia. Watoto wake walikuwa wakija kila muhula kumwonyesha matokeo dirishani.

"Utazoea," alimwambia Husseini. "Kiti cha kwako kina sponji."

Husseini hakutaka kuzoea. Alitaka kwenda Umwe akamwoze mwanawe. Mkewe, Mwanaharusi, alipofika na wali na kambale, alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Baba Warda, kaka yako anasema umpe uwakala, amwoze yeye."

"Sitoi. Nimemlea mwenyewe, namwoza mwenyewe."

"Basi tutakuja huku," akasema Mwanaharusi, akaanza kuwateremshia wasaidizi aliokuja nao masufuria kutoka nyuma ya gari. Masufuria hayakuwa na kosa, yalishuka bila shida.

Ijumaa baada ya swala ya mchana majamvi yalitandikwa uani. Askari walisukuma kirikuu kikaelekea kibla, kwa kuwa kusukuma si kuendesha. Shehe alisoma hotuba ya ndoa akiwa amesimama karibu na kioo cha pembeni. Husseini alitoa mkono dirishani, akaushika mkono wa bwana harusi, Nasibu, kijana wa Mohoro, akatamka kwamba amemwoza binti yake Warda kwa mahari waliyoagana. Nasibu akasema amekubali. Husseini alilia kwa furaha, na kwa muda aliokuwa akilia hakukumbuka mahali alipokaa.

Pilau ikaliwa. Bwana harusi alikuwa amekuja na gari kubwa jeusi la ami yake, mnunuzi wa ufuta anayejulikana tangu Ikwiriri mpaka Kilwa. Warda alipokwisha kumbusu baba yake mkono na kwenda kupanda, Koplo Abdulhalim, sahani mkononi, aliingiza namba za gari lile kwenye simu, kwa mazoea tu. Alikuwa amesimama dirishani kwa Husseini, na Husseini akasoma pamoja naye. Bima ilikuwa imekwisha tangu kabla ya Ramadhani.

Mwenye macho haambiwi tazama. Koplo alirudisha simu mfukoni, akatazama pilau.

"Afande, gari lile halina bima."

"Wanafika hapo Mohoro tu, mzee. Leo siku ya heri."

"Warda yumo mle. Likimtokea jambo njiani, nani atamlipa?"

Koplo alitafuna taratibu. Ami wa Nasibu, yule mnunuzi, alifungua mlango, akashuka kumpa mkuu wa kituo mkono, akapanda tena. Alishuka na kupanda kama mtu yeyote.

Husseini aliogopa kuliko alivyoogopa siku zote mbili za kukaa pale. Alifungua mlango, akateremsha mguu, akajikuta kwenye kiti. Akaita, lakini dufu lilikuwa limeanza. Gari jeusi likageuza kuelekea getini. Hapo akaweka viganja vyote viwili kwenye honi, akaikandamiza bila kuachia.

Wanawake wakageuka, wakamwona baba wa bibi harusi anapiga honi, wakamjibu kwa vigelegele. Alivyozidi kupiga ndivyo walivyozidi kumjibu. Warda alitoa nje mkono wenye hina, akampungia, mpaka gari lilipoingia barabara kuu kati ya malori yaendayo kusini.