Majibu ya Jumatano

Tangu kijiji kizima cha Segese kisikie kwamba uti wa mgongo wa Maduhu una saratani, hakuna aliyembishia tena. Hata Ngassa, jirani aliyegombania naye mpaka wa shamba la mpunga kwa miaka sita, alimletea kuku na kuzungumza naye kwa sauti ya chini.

Saratani yenyewe ilikuwa bado dhana. Picha iliyopigwa Kahama ilionyesha pingili moja nyeupe, imevimba. Mwanza wakachukua kipande cha mfupa wakakipime. Maduhu hakungoja. Alimwita binti yake Noela, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea utabibu.

"Mwanangu, nisife kabla sijakuoza. Masalu ameleta posa. Mkubalie."

Noela alilia, akakubali.

Jumatano daktari akapiga simu. "Mzee, si saratani. Mfupa wako unajijenga ovyo. Kwenye picha hali hiyo hufanana na saratani. Dawa ipo, na ugonjwa huu hauui."

Maduhu alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kumshukuru. Ng'ombe wa mahari walikuwa waje Jumamosi. Akisema, Noela atakwenda chuoni, na yeye atachekwa hadi Kahama. Tena, tuseme kweli, ng'ombe aliwataka. Akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mficha uzima hawakusema neno. Kila aliyempa pole aliipokea, na kila pole ilimchoma. Aibu ilimnyima hata usingizi.

Jumamosi asubuhi Noela alimletea uji, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakulipokea bakuli. "Noela, daktari alipiga simu."

"Najua." Akaweka bakuli chini. "Namba ya kwanza kwenye fomu ni yangu. Alinipigia mimi kabla yako."

"Tangu Jumatano? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe, baba."

Safari hii hakulia. Alimtazama tu, na Maduhu akainamisha uso. Kwa kitambo alitamani ile saratani ingekuwa ya kweli.

Nje vikasikika vishindo vya kwato na vigelegele vya kina mama. Maduhu aliinuka mwenyewe, akatoka kwenda kuwaambia wakwe ukweli. Hajafika katikati ya uwanja, wageni wawili wakamkimbilia, wakamshika mikono asije akaanguka.